Feni Iliyonyamaza

Matongo,
6 Februari 1994

Kwa dada yangu Abonyo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama huko Kisumu na yale mafua ya Krismasi yamekuachia. Sisi huku ni wazima, ukiondoa jua. Jumapili iliyopita nilipita nyumbani Utegi. Mama hajambo. Goti linamsumbua, lakini analima nalo hivyo hivyo huku akiligombeza. Shemeji Akello naye hajambo, na watoto wa marehemu kaka wanakula kama nzige. Mama ameniagiza nikuulize yule bwana wa Ahero anakuja lini kujitambulisha. Mimi nafikisha ujumbe tu, usinikasirikie.

Sasa shida yangu. Tangu watu wamiminike huku kufuata dhahabu, kila mtu amekuwa mchimbaji, na mimi nimepata kazi kwenye duara la Ryoba. Usishtuke. Duara ni shimo, ndiyo, lakini mimi ni fundi wa juu. Kazi yangu ni feni. Tumeing'oa kwenye lori bovu, inazungushwa na betri mbili kubwa, inasukuma hewa kwenye bomba la nailoni mpaka chini waliko watu. Baruti ikishapigwa, moshi unakaa kule chini kama mgeni aliyesikia harufu ya nyama. Bila feni hautoki.

Nikiiachia feni nguvu zote, nailoni inapasuka na betri zinakufa kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo nimefunga koili ya jiko la umeme katikati ya waya ili kuipunguza kasi. Kasi imepungua kweli, lakini koili inawaka nyekundu, Marwa mchimbaji wetu anachomea mahindi hapo, na betri zinakufa vile vile. Zikifa, watu wanapanda wakikohoa na kunitazama mimi.

Wewe unatengeneza amplifaya za makanisa. Hakuna kitu cha kuipunguza feni bila kula betri?

Usiwe na wasiwasi juu yangu. Kiapo tulichomwapia Mama siku ya kumzika kaka, kwamba hakuna mtoto wake mwingine atakayeingia shimoni, nakikumbuka. Barua hii anakuletea Boke, yule mama wa mitumba anayekuja huko kila mwezi. Mpe jibu huyo huyo.

Mdogo wako,
Ochieng


Kisumu,
27 Februari 1994

Ochieng, omera, ndugu yangu,

Marahaba. Mimi mzima, mafua yameisha, bosi wangu Mzee Obura naye mzima na kelele zake zote. Habari za bwana wa Ahero tuziache. Mwambie Mama nina kazi nyingi.

Koili ya jiko! Nimesoma barua yako nimesimama, nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi nikaisoma tena. Hivi shuleni tulikwenda kufuata uji? Wewe hupunguzi umeme, unauchoma. Betri inatoa ule ule, nusu unaigeuza moto wa mahindi ya Marwa. Fikiria mlango wa zizi. Ukitaka ng'ombe watoke wachache, unaweza kuubana mlango, wakasukumana wakaumizana pembe. Hivyo ndivyo inavyofanya koili yako. Au unaufungua wazi kabisa, unaufunga kabisa, unaufungua tena, upesi upesi. Wanapita wachache na hakuna anayeumia. Mlango huo kwenye umeme unaitwa transista, na unaweza kufunguka na kufungwa mara mamia kwa sekunde moja. Feni ni nzito, haioni kwamba inakatiwa. Inaona kama imepunguziwa tu.

Hii ndiyo inayoninyima usingizi hapa kazini. Amplifaya za Obura zinabana mlango, nusu ya umeme inapasha moto hewa ya Kisumu, na Kisumu haijawahi kupungukiwa na joto. Mimi nataka kutengeneza inayofungua na kufunga. Nimetengeneza moja, tukawapelekea wenye kanisa, wakairudisha Jumatatu. Ilikuwa inaunguruma chini ya mahubiri, na ikaunguza transista katikati ya sadaka. Obura alicheka mpaka akakaa chini. Nimeifungua tena.

Ndani ya kifurushi alichobeba Boke kuna kiboksi. Transista nimezing'oa kwenye mashine iliyokufa ya kutunzia umeme wa kompyuta. Waya mwekundu betri, mweusi betri, wa njano na wa bluu feni. Kile kitufe cha kuzungusha ndicho kasi. Nimeweka na transista mbili za akiba. Koili mrudishie mwenye jiko.

Halafu nijibu hili kwa mwandiko wako: ni nani na nani wanashuka kwenye hilo duara?

Oriti, kwaheri,
Abonyo


Matongo,
20 Machi 1994

Dada yangu,

Shikamoo. Mvua imeanza, barabara ya huku ni matope matupu, bodaboda wa baiskeli wanaanguka na watu wanalipa nauli ya kuanguka. Mama amepanda mtama. Ameuliza tena.

Kiboksi kimefanya kazi. Siwezi kukuelezea ilivyokuwa. Nilizungusha kitufe, feni ikashuka kasi taratibu kama mtu aliyeombwa kwa heshima, na koili haikuwepo, na hapakuwa na moto wowote. Betri zimefika jioni. Ryoba, ambaye hajawahi kusifu kitu kisicho na mkia na pembe, alikuja akaizunguka mashine, akauliza ni nani aliyeitengeneza. Nikamwambia dada yangu. Akaniuliza mara ya pili, nikamwambia tena dada yangu. Akaondoka akigeuka kuitazama tena.

Kuna jambo moja. Feni sasa inalia. Siyo ule uvumi wa mapanga, ni mlio mwembamba unaotoka ndani ya mota yenyewe, iiiii, kutwa nzima. Ukizungusha kitufe unabadilika kidogo lakini hauishi. Marwa ameupa jina, Mama Mkwe, kwa sababu haunyamazi. Watu wanashuka wanaaga, Mama Mkwe, tutaonana jioni.

La pili ndilo baya. Transista mbili zimeungua. Ya kwanza ilikufa pale pale nilipozima feni. Ya pili ilikuwa inapata moto siku nzima mpaka ikapasuka. Nimeweka ile ya mwisho ya akiba uliyonipa na nikaifunga kwenye bati ili ipoe, na nimemwagia maji juu ya bati. Najua utanigombeza. Hizo zilizoungua nimezirudisha kwa mkono wa Boke uzitazame.

Tusaidie haraka, hii moja ikifa tunarudi kwenye koili.

Ochieng


Kisumu,
24 Aprili 1994

Ochieng,

Marahaba. Boke alichelewa, mpakani Sirari walimshikilia na marobota yake, kwa hiyo barua yako imelala njiani wiki mbili, na sasa hasira zangu zimeamka zikiwa na njaa. Maji, juu ya bati, karibu na betri. Haya. Salimia Mama, umwambie goti alipumzishe, na kwamba nimesikia swali lake.

Nimezipasua transista zako. Ya kwanza ni kosa langu. Mota ikikatiwa umeme ghafla haikubali, inautapika ule uliobaki ndani yake kwa kishindo, na kishindo hicho kiliupiga mlango, yaani transista, usoni. Nimeweka diodi pembeni ili upite huko uzunguke mpaka uishe.

Ya pili imenifundisha kitu, sikiliza. Transista haiungui ikiwa wazi. Haiungui ikiwa imefungwa. Inaungua ikiwa katikati, haijaamua. Mimi niliisukuma kwa mkono dhaifu, kila mara ilichelewa kufunguka na kuchelewa kufunga, na ule muda mdogo wa kusitasita ndiyo moto wenyewe. Sasa nimeweka transista mbili ndogo, moja ya kuisukuma na moja ya kuivuta, inaamua papo hapo. Na unajua nilipoona hivyo nilifanya nini? Niliacha chai mezani nikakimbilia amplifaya ya kanisa. Ugonjwa ni ule ule! Nimeitibu vivyo hivyo. Sasa nashika chuma chake kwa kiganja baada ya saa nzima ya kwaya, na Obura hacheki tena, anauliza maswali.

Basi, kwa kuwa transista sasa ina nguvu za kuamua, nimeipandisha kasi ya kufungua na kufunga mpaka juu ya sikio la binadamu. Hata mbwa atasikia kwa shida. Kwenye amplifaya lazima iwe hivyo, mlio ni dhambi. Nikaona nisiwaache ninyi na aibu ile ya kulia kutwa. Mama Mkwe wenu nimemfunga mdomo. Boksi jipya hili hapa, la zamani lirudishe, vifaa vyake navihitaji.

Nimelifurahia sana boksi hili. Nimelikesha, nimelipaka hata rangi.

Hukunijibu swali langu la nani anashuka. Nimelitafuta kwenye barua yako mbele na nyuma.

Abonyo


Matongo,
12 Juni 1994

Dada Abonyo,

Shikamoo. Nisamehe kimya. Boke alikuja kuchukua jibu mara ya kwanza hakunikuta, mara ya pili nilikuwa na kazi. Mama hajambo. Mtama umekubali, ndege pia wameukubali. Akello anasema mtoto mdogo wa kaka ameanza shule na siku ya pili akarudi kusema ametosheka.

Boksi jipya ni zuri. Halipati moto kabisa. Betri zinafika jioni na chaji inabaki. Kazi yako haina mfano, kila mtu anasema hivyo.

Ila nakuomba, kama lile la zamani hujalivunja, ulirudishe. Hili jipya watu hawalipendi. Siyo kwamba ni baya. Ni kwamba halisemi. Unajua duara limekwenda mbali, kuna kushuka, halafu kuna njia ya pembeni inayofuata mwamba, ina kona mbili. Baada ya kona ya pili mapanga ya feni husikii. Upepo wenyewe huuhisi, maana bomba linaishia nyuma yako na jasho limekufunika. Kitu pekee kilichokuwa kinafika ni ule mlio wa Mama Mkwe. Ulikuwa unakuja na bomba, unaingia kwenye mwamba, ukiegemeza shavu kwenye jiwe unausikia mpaka kwenye meno. Ukiwa nao unapiga tindo huna habari. Sasa ni kimya tu, na ukiwa pale hujui kama juu kuna mtu au wote wamekwenda kula.

Basi ni hilo tu. Kazi nyingine zinaendelea. Usisumbuke sana.

Ochieng


Kisumu,
19 Juni 1994

Ochieng,

Meno ya nani?

Nakuuliza. Meno ya nani yaliusikia huo mlio? Shavu la nani liliegemezwa kwenye jiwe? Wewe ni fundi wa juu. Fundi wa juu anasikia mapanga ya feni, anasikia mbuzi, anasikia Ryoba akigombana na watu. Hajui kuna nini baada ya kona ya pili. Aisifuye mvua imemnyea.

Nimejaribu kukaa nimeshindwa. Nimetengeneza redio ya mteja nikaifunga bila spika ndani. Mzee Obura ameniambia niende nyumbani, nikaenda, nikarudi. Sijamwambia Mama na sijui nitamwambiaje. Yeye siku ya mazishi hakulia kwanza, unakumbuka? Alitushika mikono, wewe kulia mimi kushoto, akatuapisha, kisha ndipo akalia.

Nilikuuliza mara mbili ni nani anashuka. Mara mbili umenipa habari za mtama.

Nijibu. Usiniletee salamu.

Abonyo


Matongo,
17 Julai 1994

Dada,

Shikamoo, hata kama umekataa salamu.

Ni meno yangu. Nashuka tangu Mei.

Nitakwambia ilivyokuwa. Siku ya kwanza ya boksi jipya watu walishuka vizuri. Muda mfupi, hao, wamepanda wote mbio, wanapiga kelele kwamba feni imekufa. Ilikuwa inazunguka. Wakashuka tena, wakapanda tena. Ryoba akawatukana, akasema wanawake wa kwao wana moyo kuliko wao. Hapo Marwa akaweka tindo chini. Huku kwenye maduara kuna kawaida moja: anayefunga kamba ndiye anayeshuka nayo wa kwanza. Ukifunga vibaya utajua mwenyewe. Marwa akasema, hewa nayo ni kamba. Aliyeileta mashine isiyosema ashuke nayo, akae nasi kule mwisho, avute ile ile tunayovuta. Akipona, tumepona. Wote wakasema ndiyo. Wakanitazama.

Mimi niliijua mashine yako. Nilijua inafanya kazi. Ningesema siingii, ningekuwa nimesema dada yangu ametengeneza kitu kibovu. Nikashuka. Nikasema ni siku moja. Kesho yake wakaningoja mlangoni.

Kwa hiyo nimekuwa dhamana. Juu anabaki mtu yeyote aliyepo.

Na kuna jingine, bora ulijue lote. Mwisho wa Mei mbuzi wa jirani alipita kwenye banda la mashine akauvuta waya, ukatoka kwenye betri. Mtu wa juu alikuwa amekwenda kuwasha sigara. Feni ikasimama. Kule chini hakuna kilichobadilika, Abonyo. Kulikuwa kimya kabla na kukawa kimya baada. Tuliendelea kupiga mwamba. Mimi nilikuwa natazama kibatari, kwa sababu sina kazi nyingine kule, na nikaona moto umekuwa mdogo na wa bluu. Nikapiga kelele. Tulipanda tukiwa tunavutana. Marwa ndiye alikuwa wa mwisho, alitapika mpaka jioni. Ingekuwa ni Mama Mkwe, angenyamaza na sisi tungekuwa kwenye kamba papo hapo.

Usifikiri sijawaza kuondoka. Nikiondoka watalitupa boksi, watairudisha koili, betri zitakufa mchana na wao watashuka hivyo hivyo bila hewa, maana dhahabu imeonekana na hakuna atakayeiacha. Hivyo ndivyo walivyoshuka kaka na wenzake. Marwa ana watoto wadogo. Siwezi.

Mama usimwambie. Au mwambie. Sijui.

Ochieng


Matongo, juu, kwenye banda la mashine
6 Agosti 1994

Ochieng,

Karatasi hii inashuka kwa ndoo. Nimemwambia anayeshusha ndoo akupe mkononi, akitingisha kamba mara mbili ujue ni yako. Usiogope, hakuna msiba. Niko juu. Ni mimi mwenyewe, na viatu vyangu vimeharibika.

Nimekuja na Boke kupitia Sirari, tukalala Tarime mjini, asubuhi tumepanda lori la mifuko ya saruji mpaka huku. Nilitaka kukukuta kabla hujashuka. Nimechelewa, umeshashuka. Nilipokaribia mdomo wa duara watu walinipigia kelele kama niliyeiba, kwamba mwanamke akifika pale dhahabu inakimbia. Ryoba akatoka. Ni mrefu kuliko nilivyomwaza. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ndiye dada mtu, mimi ndiye niliyetengeneza mashine isiyosema. Nikamwambia, mzee, kama hewa ni kamba, basi aliyeifunga ni mimi, siyo Ochieng. Yeye mnamwonea. Mtoeni, mnishushe mimi.

Alilitazama boksi mikononi mwangu. Akasema mwanamke hashuki. Nikasema sawa, hashuki, nami sikuja kuwavunjia mila. Lakini mila yenu inakataza mwanamke kuwapa watu pumzi? Akatafuta, akaona haikatazi. Amenionyesha jiwe, ng'ambo yake nisipite. Banda liko upande wangu.

Sasa sikiliza, na uwasomee wenzako.

Kosa lilikuwa langu, na nilijua tangu barua yako ya Juni, ila hasira iliwahi mbele. Kwenye amplifaya mlio ni dhambi. Nikaibeba sheria ya kanisani nikaipeleka shimoni bila kuuliza anayesikiliza ni nani. Niliwatazama ninyi kama wasikilizaji wa kwaya. Ninyi mlikuwa mnasikiliza ili mjue kama mko hai.

Nimeleta boksi la tatu. Lina diodi, lina zile transista mbili za kusukuma na kuvuta, halitaungua. Ila kasi ya kufungua na kufunga nimeishusha, ikarudi ndani ya sikio. Obura alishauri niweke kengele. Nilikataa. Kengele inaweza kulia feni imekufa. Huu mlio unatoka ndani ya mota yenyewe kwa umeme ule ule unaoizungusha. Umeme ukikatika mlio umekatika. Hauwezi kudanganya hata ukitaka. Na ajabu ni kwamba hivi transista inapoa zaidi, maana inaamua mara chache. Miezi yote nilikuwa nahangaika kutengeneza kimya ambacho hakuna aliyekiomba.

Wakati wa kubadilisha nitaiunga feni moja kwa moja kwenye betri, itakwenda kwa nguvu zote, nailoni itatikisika. Msihofu. Baada ya hapo mtamsikia Mama Mkwe. Ukiwa unasoma hapa huenda ameshafika. Weka shavu kwenye jiwe.

Waya wa betri nimeufunga kwa nati, mbuzi ashindwe. Na hapa pembeni ya mashine nimekaa mimi. Siendi kula, siendi kokote, mpaka wa mwisho apande. Ryoba amekubali mbele ya watu: dhamana ni mimi, na niko juu, na baada yangu fundi wa feni ni wewe na mahali pako ni hapa kwenye kigoda hiki.

Mama nimemwambia. Jana nilifika Utegi kwanza, ndipo nikarudi kulala Tarime. Hakulia na hakugomba. Alininyoosha kola akaniambia, nenda kamlete.

Ochieng, tumekaa miaka miwili bila kuliandika jina la kaka. Mimi naliandika leo. Odoyo hakuwa na mtu juu. Walimwacha na betri zilizokufa wakaenda kunywa chai. Wewe unaye. Nimeushika waya kwa mkono wangu, ni wa moto kidogo tu, kama paji la uso la mtoto.

Panda.

Abonyo


Chini, baada ya kona ya pili
Siku hiyo hiyo

Dada,

Shikamoo. Penseli ni ya kuandikia namba za viroba vya mawe ya dhahabu, na mkono wangu una vumbi, utavumilia mwandiko.

Mlio ulianza kabla sijamaliza kusoma. Marwa ndiye aliyeusikia kwanza. Alisimama na tindo hewani, akasema nyamazeni, na wote tukanyamaza, na ukawa unakuja, mwembamba, ule ule. Kila mtu akaenda kuweka shavu ukutani. Watu wazima, dada, wamepanga mashavu kwenye mwamba kama watoto wanaosikiliza mlango. Hakuna aliyecheka. Mmoja amekaa chini, anajifuta uso.

Nimewasomea barua yako, ukiacha habari za Odoyo. Halafu nikarudi nikawasomea na hizo.

Marwa anakusalimu. Ameniambia, fundi, huna kazi tena huku, unatumalizia hewa tu, nenda kwa dada yako. Wengine wamesema ndiyo.

Nimeshafika kwenye kamba. Karatasi hii inatangulia kwa ndoo, mimi nafuata. Waliobaki wanasema usizime.

Ochieng